Alhamisi moja ya kuisaka "al"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barcelona imelala, mimi macho. Naandika tasnifu ya etimolojia, yaani asili ya maneno, ya Kikatalani, lugha ya huku, na mwezi mzima huu "al" ya Kiarabu, ile inayotangulia nomino kama "the" ya Kiingereza, imenikosesha usingizi.

Saa tatu asubuhi niko maktabani, Biblioteca de Catalunya, ndani ya jengo kongwe lililokuwa hospitali ya Santa Creu. Nateremsha juzuu za kamusi ya Joan Coromines ya asili ya maneno ya Kikatalani. Mzee huyu alikimbilia uhamishoni mwaka 1939, akafundisha Chicago, na juzuu ya kwanza ya kamusi hii ikatoka 1980, naye yuko kwenye miaka 75. Nikichoka, humkumbuka yeye.

Kazi yenyewe ni kadi na penseli. Sukari: Mhispania asema azúcar, Mkatalani sucre. Zafarani: azafrán, safrà. Pamba: algodón, cotó. Forodha: aduana, duana. Mhispania kalibeba neno na "al" yake, Mkatalani kaiacha nje. Wako wasemao maneno hayo yalimfikia Mkatalani kwa biashara ya baharini, mengine yakipitia Italia. Kwa sucre nakubali. Kwa yote, bado.

Maana kuna albergínia, bilingani letu hili, na "al" yake kamili kichwani.

Saa nane mchana, chakula. Alhamisi hapa mikahawa mingi hupika paella, chakula cha wali. Wali ni arròs, kutoka ar-ruzz: "l" imemezwa na "r". Kijiko kiko njiani kwenda mdomoni, nikakumbuka adhuhuri. Adh-dhuhr! "L" imemezwa na "dh". Nimelisema neno hili tangu utotoni na sijawahi kuliona.

Nikarudi mezani mbio. Alfajiri, adhuhuri, alasiri: sisi nasi tumeibeba "al". Lakini sukari, zafarani, hatukuibeba. Alasiri nzima ikaishia hapo, na sura niliyopaswa kuikamilisha haikuguswa.

Saa kumi na mbili jioni nikampigia mama Unguja, nikijua keshaswali Isha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kwa nini twasema sukari, lakini twasema alasiri?"

Akacheka. "Sukari yanunuliwa dukani. Alasiri yasaliwa."

Nikaiandika kwenye kadi, kando ya safu ya maneno ya biashara ya baharini. Mwalimu wangu atataka ushahidi, najua. Na Alhamisi, ambayo hainunuliwi wala haisaliwi, sijui niiweke wapi.