Mimi nilikuwa wapi?

Nimeosha vyombo, nimefunga hesabu ya wiki, nimepiga pasi sare za watoto wote wawili, na bado namsikia Bibi wa Chikongola. Maneno matatu tu. Nikilala ananigeuza ubavu, nikiamka nimemkuta jikoni.

Bibi mnamjua. Ni yule aliyekuja kwenye steshenari yangu hapa Mtwara kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya kitukuu chake, akaiona kompyuta ya pembeni, akauliza ile nayo inauzwa au imewekwa tu. Jumamosi iliyofuata akaja na kanga mpya kama mtu anayekwenda maulidini. Tangu hapo kila Jumamosi saa nane, nikishazima mashine ya kopi, wanakuja yeye, Mwalimu Mstaafu, na wale mashosti wawili wa Msangamkuu ambao pantoni ikiwachelewesha kidogo tu wanaghairi safari.

Basi Jumamosi iliyopita Bibi alikuwa kwenye ile kompyuta kuukuu yenye Windows XP, ambayo sijaiunganisha na intaneti na sitaiunganisha. Anacheza karata, ule mchezo wa mtu mmoja uitwao Solitaire, wa kupandisha kila aina ya karata kuanzia ree. Wiki ya tano hiyo anacheza karata na hajawahi kushinda hata mara moja. Siku hiyo zilikuwa zimemkalia vizuri: ree zote nne ziko juu, chini hakuna tena karata iliyofunikwa, ni kupandisha tu. Ameikamata sita ya kopa. Anaivuta. Kidole kinalegea njiani, karata inarudi ilikotoka. Anaikamata tena, inarudi. Mara ya nne nje kuna kijana anagonga kaunta, anataka picha ya pasipoti sasa hivi, gari lake linaondoka. Nikainama, nikauweka mkono wangu juu ya mkono wa Bibi, nikabonyeza kitufe cha kulia. Kwenye mchezo ule ukibonyeza kulia, karata zote zinazoweza kupanda zinapanda zenyewe. Zikapanda. Halafu zikaanza kumwagika na kudundadunda kwenye kioo kama korosho za gunia lililopasuka.

Nikapiga makofi. "Hongera Bibi! Umeshinda!"

Yeye hakupiga. Aliutoa mkono wake taratibu, akauingiza ndani ya kanga.

"Ameshinda nani?"

"Si wewe, Bibi. Huoni zinavyocheza?"

"Mimi nilikuwa wapi?"

Nikacheka. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba nilicheka, nikaenda kumpiga picha yule kijana, na niliporudi Bibi alikuwa ameshavaa ndala. Akaniaga vizuri tu. Nikamwambia shikamoo ya kwaheri, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaenda zake.

Wiki nzima nimelirudia swali lile kwa sauti za kila aina. Nikilisema kwa kuvuta, nilikuwa waaapi, linakuwa utani, na Bibi ni mtu wa utani, kila siku ananiambia mimi ni mjomba wake wa Newala. Nikilisema kavu, linakuwa kofi. Baba Watoto nilimsimulia Jumapili, akaniuliza kama sina kazi. Jumatatu nikamsimulia tena, safari hii nikiigiza na mkono kuingia ndani ya kanga, akasema labda alikuwa anasikia baridi, kusi inavuma. Huyo ndiye mume wangu. Jumanne akapata barua ya uhamisho wa kwenda Tunduru, na hilo nitaliandika siku nyingine.

Kinachonitesha ni kwamba nilikuwa naujua ule mkono kabla sijaugusa. Bibi amebangua korosho nyumbani tangu akiwa msichana. Si korosho za mashine. Ni zile za kukaanga kwenye kikaango cha bati kilichotobolewa, moshi mweusi, mafuta ya ganda yanaruka na kuwaka moto, halafu unakaa chini na jiwe unagonga moja moja, vidole umevipaka majivu ili mafuta yasikuunguze, na yanakuunguza hivyo hivyo. Miaka kama hiyo ikipita, ncha za vidole zinakuwa kama gamba. Mistari haipo. Mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, Bibi alikwenda kwa wakala mmoja mpaka mwingine, akapanguswa vidole kwa kitambaa, akapakwa maji, akaambiwa abonyeze kwa nguvu, abonyeze polepole. Mashine ikakataa. Tarehe ya mwisho ilipofika, Januari 20, 2020, laini ilikuwa imeshasajiliwa kwa jina la mwanawe. Yeye huieleza habari hiyo kwa namna moja tu: "Mashine ilisema sipo."

Na simu za kugusa ndiyo kabisa. Mjukuu wake wa Dar alimletea moja, nzuri, akaishia kuipa kazi ya kumulika usiku. Kile kioo hakijali unakibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kina umeme wake kidogo, na kinasikia ukivutwa na kidole cha mtu, na ngozi ikiwa nene na kavu umeme ule haupiti vizuri. Bibi anagusa, simu imenyamaza. Anagusa tena, imenyamaza. Nyumbani wakasema mzee hajui simu. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka siku nilipompa kipanya cha kompyuta akabonyeza, kikalia tak, na dirisha likafunguka. Kipanya hakiulizi kidole chako kikoje. Alibonyeza tak, tak, tak, akafungua madirisha kumi na mawili, akanigeukia na ile sura yake. Sura hiyo niliwaandikia ukurasa mzima, sirudii.

Siku hiyo hiyo aliusukuma mshale mpaka kipanya kikafika ukingoni mwa meza, kikaanguka. Mimi nilishafungua mdomo nimwelekeze kwamba unakiinua, unakirudisha katikati, unaendelea. Yeye akakiokota, akakisugua pajani, juu ya maua ya kanga yake, na mshale ukatembea. Nikafunga mdomo. Kumbe siku ile niliweza kufunga mdomo.

Watu huniuliza kwa nini nawafundisha wazee karata badala ya mambo ya maana. Maana yao ni malipo ya korosho, uhakiki wa pensheni, namba ya kumbukumbu ya malipo. Sikatai, na Mwalimu Mstaafu alikuja kwa ajili hiyo hasa. Lakini Bibi aliniambia waziwazi: "Mie sina barua ya kumwandikia mtu. Nataka kucheza." Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu akishazeeka kila anachojifunza lazima kiwe cha kupangia foleni. Halafu ule mchezo wenyewe ni shule. Ulipowekwa kwenye Windows mwaka 1990 watu wengi walikuwa hawajazoea kipanya, na kukamata karata, kuivuta na kuiachia mahali pake kuliwazoesha mkono bila wao kujiona wanafunzi. Aliyeuandika anaitwa Wes Cherry, alipouandika yuko pale Microsoft, kampuni yenye Windows, kwa mafunzo ya kazi tu, na mchezo umechezwa dunia nzima bila yeye kupata mgawo wa mauzo. Nilimsimulia Bibi. Akatikisa kichwa, akasema, "Kibarua." Tangu siku hiyo kabla ya kuanza husema ngoja nikacheze mchezo wa kibarua mwenzangu.

Sasa Mwalimu. Jumamosi ile alikuwepo, kompyuta ya pili, anaandika historia ya ukoo wao tangu walipovuka Ruvuma. Mwalimu alitumia taipureta miaka mingi, kwa hiyo herufi anazijua zilipo bila kuangalia, ananipita hata mimi. Shida yake ni moja, akifika mwisho wa mstari anagonga Enta, kama anavyorudisha gari la taipureta, na ukibadilisha ukubwa wa maandishi mistari yote inakatikakatika. Nilipokuwa nafunga duka nikamuuliza, kwa sauti ya kujifanya sijali, kama na yeye alisikia Bibi alivyosema.

"Nilisikia."

"Amekasirika, Mwalimu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Na mimi wiki ya juzi ulinifutia Enta zangu zote nilipokwenda kuswali. Nilirudi nikakuta maandishi si yangu."

"Nilikuwa nakunyooshea, Mwalimu."

"Najua."

Akachukua baiskeli yake. Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa na kesi mbili.

Nilipanga niende Chikongola Jumatano na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, kuomba radhi. Nikanunua, nikachemsha, nikatwanga na karanga kabisa, halafu nikakaa nikazila na watoto, kwa sababu kila nilipojiuliza nitasema nini mlangoni nilikuwa nasikia sauti yangu ikieleza. Bibi, foleni ilikuwa. Bibi, yule kijana. Bibi, nilitaka ushinde.

Alhamisi saa nne asubuhi, duka limejaa wanafunzi wa chuo na karatasi zao za kujalidi, Bibi akaingia. Si siku yake. Shikamoo, marahaba, akapita katikati yao mpaka kwenye kompyuta kuukuu, akakaa.

"Kile kitufe chako kiko wapi?"

"Kipi, Bibi?"

"Cha uchawi."

Nikamwonyesha cha kulia. Akakitazama kama mtu anavyotazama mbwa wa jirani.

"Kifunge nisije nikakigusa."

Sikuelewa. Akanyoosha mkono kaunta, akachukua seloteipu, akanikabidhi. Nikakunja kipande cha boksi la wino, nikakibandika juu ya kile kitufe mara tatu. Akapitisha kidole chake kile kikavu juu ya seloteipu, akaridhika. Wanafunzi wametukodolea macho.

Kisha nikauliza, na nawaambia kweli mikono nilikuwa nimeiweka nyuma kama mlinzi wa mahakama, "Bibi, mshale nikupunguzie mwendo?"

"Punguza. Lakini kidogo, usinifanye mgonjwa."

Nikapunguza nukta moja. Akajaribu. Akasema bado. Nikapunguza nyingine, akasema hapo hapo. Nikarudi kwenye karatasi zangu, na ndugu zangu, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu ni kujalidi ripoti ya kurasa tisini nikiwa namsikia Bibi nyuma yangu anaikamata karata, anaiachia, inarudi, anaikamata. Kuna mahali nilijua amekwama. Saba ya shupaza ilikuwa wazi na sita ya uru ipo palepale inamsubiri, nyekundu juu ya nyeusi, naiona kwa kona ya jicho. Nikajiuma ulimi. Mwanafunzi mmoja akataka kumwonyesha. Nilimkanyaga mguu. Nikamwomba radhi, nikampunguzia mia tano.

Baada ya saa nzima na zaidi nikasikia kimya. Nikageuka. Karata zimeganda, hakuna inayoweza kwenda popote. Bibi ameegemea kiti, kanga imeshuka begani, anacheka peke yake.

"Nimefungwa!" akatangaza, duka zima likasikia. "Nimefungwa mimi mwenyewe!"

Akainuka, akaagiza nimwekee mchezo hivyo hivyo usifutwe mpaka Jumamosi, aje auangalie alipokosea. Nikamwambia umeme ukikatika utapotea. Akasema basi nimwombee umeme. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kifurushi cha gazeti, korosho za kukaanga, bado za moto. Zile ndogo zilizovunjika ambazo hauzi, ndizo tamu. Hakuzungumzia habari ya Jumamosi hata kidogo, wala mimi sikuigusa.

Umeme ulikatika Ijumaa saa tano. Nilikaa kwenye giza la duka nikiitazama ile kompyuta kama msiba. Nilichofanya baadaye, mbele ya wateja, ni kuchora kwenye karatasi zile karata kama nilivyozikumbuka, nguzo saba, na kwa bahati kumbukumbu yangu ya mambo yasiyolipa ni nzuri. Ipo hapa mezani. Jana tu mteja mmoja alikuja kuchapa barua, akaniuliza hiki kipanya kimeumia nini mpaka kimefungwa bandeji.

Mwalimu Enta zake nimemrudishia, moja moja. Zilikuwa nyingi.

Wifi amejifungua salama, mtoto wa kike, na salfa ya kupulizia mikorosho ya baba imefika. Lakini usiku huu silali kwa sababu ya ule mnazi wa nyuma, ule niliowaandikia mwezi wa tano. Umeinama zaidi. Kusi inaupeleka upande wa jirani, na jirani ameezeka bati jipya juzi, la rangi, lile la bei. Mkwezi alikuja leo jioni, akauzunguka, akaugonga kwa panga mara mbili, akasema hapandi mpaka upepo utulie. Nilipomuuliza utatulia lini akaangalia juu kwanza, kisha akaangalia bati la jirani, akaomba nauli ya kurudi Mikindani.