Upande Mmoja wa Doti

Kaka yangu alifariki mwaka 2013 kwenye barabara ya Pangani, pikipiki yake ikiwa imebeba madumu mawili aliyotumwa na baba. Alikuwa na miaka 24. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Kwetu ni Tanga mjini, Ngamiani, kule kwenye barabara za namba, na kwa siku tatu barabara yetu haikupitika kwa maturubai na viti.

Msiba una mahali pa kila mtu. Wanaume barazani, wanawake ndani mikekani, mama wa marehemu amelala katikati amefunikwa kanga, na kila anayeingia anajua amshike mkono nani kwanza. Asiye na pa kukaa huenda uani kusaidia kazi. Ndiko nilikomwona yule dada. Alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wenzake walipokezana, yeye hakuinuka. Mama mkubwa alimwambia, "Mwanangu, nazi imekwisha hiyo, unatutilia vifuu kwenye tui." Akakitazama kile kifuu, akakiweka chini, akachukua kingine. Nilidhani ni jirani mwenye moyo wa kazi. Khitma iliposomwa na matanga kuanuliwa, alijitanda kanga yake akaondoka bila kumuaga mtu. Kanga ilikuwa nyekundu yenye korosho nyeupe, na jina lake nililisoma mgongoni mwake alipokuwa akitoka mlangoni: *Siri ya mtungi aijuaye kata*.

Wiki chache baadaye binamu yangu alikuja kutoka Dar es Salaam na riwaya ya Kiingereza, *The Sky Is Everywhere*, ya Mmarekani Jandy Nelson, iliyotoka mwaka 2010. Alinipa bila kusema neno. Niliisoma usiku kwa tochi ya simu, kamusi pembeni. Ni habari za Lennie, msichana wa miaka 17, ambaye dada yake Bailey alianguka ghafla akafa akiwa kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Lennie anaandika mashairi kwenye vikombe vya karatasi na vipande vyovyote anavyookota, kisha anayaacha huko huko, chini ya mawe, juu ya miti, popote. Hilo nililielewa mara moja. Mimi pia nilikuwa nikiandika jina la kaka nyuma ya daftari la hesabu na kulikatakata.

Lakini Lennie alinikasirisha. Anaanza kukutana kwa siri na Toby, mpenzi wa dada yake, wanabusiana huku marehemu hajakauka kaburini. Nilikifunga kitabu siku mbili nzima. Nilipokirudia nikafika mahali Lennie anapogundua kwamba Bailey na Toby walikuwa wamepanga kuoana, na kwamba Bailey alikufa akiwa mjamzito. Nyumbani hakuna aliyejua. Nikarudi nyuma nikamsoma Toby upya, kila mahali alipojitokeza bila kuitwa, kila alipozungukazunguka nyumba ile kama mtu aliyesahau kitu ndani. Watu walikuwa wakimpa pole ya mtu mmoja.

Shuleni tulikuwa tumesoma "Amina", shairi ambalo Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, jirani tu na mjini kwetu, alimlilia mkewe. Mwalimu alitusomesha vina na mizani. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anahitaji kuwa mume ili alie vile mbele za watu. Mjane naye hukaa eda miezi minne na siku 10, watu wakamtembelea na kumpikia, huzuni yake ikapewa tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Asiyejulikana atakaa eda kwa nani?

Siku ya arobaini ilipokaribia, mama alinituma nikunje nguo za kaka ziende sadaka. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya shati la Idi, nilikuta kanga. Nyekundu, korosho nyeupe. Upande mmoja tu, haujapindwa, uzi unaning'inia pale ulipokatwa kutoka kwa mwenzake. Nililisoma lile jina nikaketi sakafuni. Nilisikia tena mbuzi ikikwaruza.

Sikumwambia mama. Mpaka leo sijamwambia, na jina la yule dada sitaliandika hapa. Wao walikuwa watu wa Muheza, Wakristo, na baba yetu alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo ambayo kaka aliyasikia tangu utotoni. Nadhani alikuwa akisubiri wakati. Kila mtu wa miaka 24 anaona wakati upo.

Haikuwa kazi kumpata. Alikuwa fundi cherehani, barazani kwa mtu, mwendo wa dakika 10 kwa baiskeli kutoka kwetu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: shikamoo dada, samahani, nimetumwa. Nilipofika nikasema, "Hodi. Nimekuletea mzigo wako, wifi."

Neno lilitoka lenyewe. Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Hakulia. Aliipokea ile kanga, akatoa ya kwake chini ya meza, akazilaza pamoja magotini, ukingo kwa ukingo, mpaka korosho zikakutana. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea:

"Kaburi lake liko upande gani?"

Sikujua. Kwetu wanawake hatusindikizi jeneza. Mimi niliyelala naye nyumba moja miaka 16, niliyeshikwa mikono na kupewa pole na mtaa mzima, nilikuwa sijui kaka yangu amelazwa wapi, sawasawa na yeye. Nilimwambia hivyo. Akainuka, akafunika cherehani kwa kitambaa, akachukua dumu la maji la lita tano.

Nilimpakia nyuma ya baiskeli. Njia nzima hatukusema. Makaburini tulimkuta mzee anayefyeka, nikamtajia jina la baba, akatuonyesha kwa panga: mstari wa tatu, karibu na mwembe. Udongo ulikuwa bado umeinuka. Mashahidi mawili ya mbao, na katikati mrehani ambao bila shaka baba aliupanda, maana asubuhi nyingi alikuwa akirudi na matope kwenye viatu na hatukumuuliza. Majani yalikuwa yamelegea kwa jua.

Mzee akauliza, "Nyinyi nani wake?"

"Mimi mdogo wake," nilisema. "Huyu mkewe."

Akasema poleni, akamtazama yeye peke yake na kumwambia, "Pole sana, mama. Mungu akupe subira." Kisha akarudi kwenye majani yake.

Wifi alipiga magoti, akafungua dumu. Mimi nilisogea hadi kwenye mwembe nikashika baiskeli, nikampa mgongo, nikawa nasikia maji yakimiminika kidogo kidogo, yanakatika, yanamiminika tena.