Nilivyopima nguvu za mguu uliopooza kwa mizani ya samaki

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, niko hapa Mtwara, na wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi, wengine nawafuata majumbani huko Mikindani, Naliendele mpaka njia ya Nanyamba. Naulizwa sana mguu wa mtu aliyepooza unapimwaje nguvu kama huna mashine, kwa hiyo naandika nilivyofanya mimi, na nitaweka na namba maana bila namba hii kitu haieleweki.

Tuliosomea hii kazi wote tunaijua ile skeli ya 0 mpaka 5, ilitoka kwa Waingereza enzi za Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya majeruhi wa neva. 0 msuli kimya kabisa, 1 ukigusa unasikia msuli unashtuka ila mguu hauendi popote, 2 mguu unasogea ukiwa umelazwa pembeni usibebe uzito wake, 3 anauinua mwenyewe, 4 anauinua na ukimsukuma anahimili kiasi, 5 mzima. Haitaki kifaa, ni mkono wako tu, na kwa mgonjwa wa wiki za mwanzo ambaye hata kidole cha mguu hakichezi hakuna kingine cha kutumia, mpaka leo naitumia.

Shida iko kwenye 4. Gredi 4 ni pana mno jamani. Mtu anayehimili vidole vyangu viwili ni 4, na anayehimili mkono wangu wote nikiwa nimemwegemea na uzito wa mwili naye ni 4. Mgonjwa anakaa hapo miezi, kwenye faili inasomeka 4, 4, 4, ndugu wanaanza kuulizana hela ya bajaji ya kila wiki ni ya nini kama hakuna kinachobadilika, na mgonjwa mwenyewe anakata tamaa anaacha mazoezi wakati kumbe mguu ulikuwa unapanda. Hiyo iliniumiza sana, kwa sababu mimi nilikuwa nahisi mkononi kabisa kwamba leo kanisukuma zaidi ya mwezi uliopita, ila sina cha kumwonyesha. Alafu msuli wa mbele wa paja ni msuli mkubwa, mwili wangu mdogo, mtu ambaye paja limeanza kurudi ananishinda mkono, sasa hapo napima nguvu zake au zangu?

Kulikuwa na mzee mmoja mkulima wa korosho, kwao upande wa Tandahimba, alikuwa kaletwa kwa binti yake Mikindani atibiwe. Namsukuma mguu, namwambia mzee leo umeongezeka, akaniangalia akasema, "Mwanangu, mimi korosho nikipeleka ghalani hakuna mtu wa kuninyanyulia gunia kwa mkono akaniambia zimeongezeka. Linapanda mzani na mimi nasoma mwenyewe. Mguu wangu mbona unanyanyua tu?" Nilimjibu kwamba kifaa kipo, kinaitwa dainamomita, bei yake ni mamilioni. Lakini njiani narudi neno lake halikunitoka, maana dainamomita inachosoma ni nguvu ya kuvuta au kusukuma, na mizani ya kuning'iniza inayopimia samaki nayo inasoma nguvu ya kuvuta, ilimradi tu ujue kuifunga. Nikaenda Feri, soko la samaki, nikaulizia, nikachukua ya kidigitali ya kilo 50.

Kabla sijamgusa mgonjwa niliihakiki kwa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unapima dumu tupu kwanza, unalijaza lita 10, kisha lita 20, unaangalia mizani inasemaje ukishatoa uzito wa dumu. Yangu ilisoma vizuri, na hilo zoezi nalirudia mara kwa mara maana betri ikichoka mizani inaanza kudanganya.

Sasa kufunga. Kiti cha plastiki hakifai, kinateleza. Namkalisha mgonjwa kwenye meza imara iliyo karibu na nguzo ya baraza, nguzo iwe nyuma yake, miguu inaning'inia haigusi chini, goti limekunjwa kona mraba. Naviringisha kanga iliyokunjwa juu kidogo ya kifundo cha mguu ili ugoko usiumie, juu ya kanga unapita mkanda wa mzigo, ule bapa usiovutika, maana kamba ya nailoni inarefuka na inakula nguvu ya mtu. Mkanda unaingia kwenye ndoano ya mizani, mizani inafungwa kwenye nguzo nyuma, na yote iwe imelala sawa na sakafu, ikipanda juu au ikishuka chini namba inaongezeka bure. Uzuri wa mguu kuning'inia wima ni kwamba uzito wa mguu wenyewe hauingilii, unapima msuli peke yake. Namwambia nyoosha goti, sukuma mbele. Mguu hausogei kwa sababu umefungwa, ila msuli unakaza na mizani inasoma.

Mizani nyingi za hivi zinaganda kwenye namba moja ghafla hata kama mtu hajamaliza, kwa hiyo ndugu mmoja namkabidhi simu arekodi kioo cha mizani video, baadaye naangalia namba aliyoishikilia sekunde tatu, ile iliyoruka mara moja na kushuka siihesabu. Mara tatu kila mguu, katikati anapumzika dakika nzima, naandika iliyo kubwa.

Mguu mzima ndo unaanza, siku zote. Kwanza anaelewa kinachotakiwa, na hii ni muhimu sana kwa wale kiharusi kilichochukua na usemi, huwezi kumweleza kwa maneno ila mguu mzima ukishafanya anaelewa. Pili unapata cha kulinganisha. Ila kuwa makini, mguu tunaouita mzima nao huwa umepungua nguvu baada ya kiharusi, amelala wiki ngapi yule, kwa hiyo usiuchukulie kama ndo kipimo cha alivyokuwa zamani.

Yule mzee mara ya kwanza mguu mzima ulitoa kilo 19, uliopooza kilo 7. Binti yake ndo alisoma kwenye simu kwa sauti. Mzee akaomba apewe simu aangalie mwenyewe, akaitazama ile video akarudia tena, akasema "Basi nimejua deni langu, kumi na mbili."

Hapa kuna jambo ambalo ukilikosea kazi yote ni bure, nalo ni mkanda umekaa wapi. Chukua tepu ya fundi cherehani pima kutoka kwenye goti mpaka kwenye mkanda. Yeye ilikuwa sentimeta 30. Ukija siku nyingine ukafunga sentimeta 25, mguu uleule uliotoa kilo 7 utatoa kilo 8.4, na wewe utashangilia nguvu zimepanda wakati hakuna kilichopanda, ni mkanda tu umesogea karibu na goti. Kitaalamu unazidisha kilo kwa 9.8 upate nyutoni, yaani kipimo cha nguvu, kisha unazidisha na umbali kwa mita, yaani 7 mara 9.8 mara 0.30, unapata kama nyutoni mita 20.6, na hiyo ndo namba unayoweza kuilinganisha hata na mgonjwa mwenye mguu mrefu. Nyumbani mimi naandika vyote viwili, kilo kwa ajili ya familia na nyutoni mita kwa ajili ya faili.

Angalia pia mwili unavyosaidia. Mgonjwa akitaka kukufurahisha ataegemea nyuma, atanyanyua tako, atashika kingo ya meza kwa mkono mzima avute. Mikono iwe mapajani, ule uliopooza uweke vizuri usivutike bega. Na misuli inayokakamaa nayo inachanganya, ukivuta mguu haraka unaona kama ana nguvu kumbe ni ukakamavu unaokataa, ndo maana kipimo cha kutulia bila mguu kusogea nakiamini zaidi kwa watu hawa.

Presha napima kabla ya kitu chochote. Ya juu ikifika 180 au ya chini 110, siku hiyo hakuna kupima, tunashughulika na dawa kwanza, na kwa kweli nakuta wengi wameacha dawa kwa sababu wamejisikia nafuu. Kubana pumzi huku unakaza kunapandisha presha, kwa hiyo nawahesabisha kwa sauti pamoja na mimi, moja, mbili, tatu, nne, mtu anayehesabu hawezi kubana pumzi. Asiyeweza kuongea namwelekeza apulize pumzi taratibu. Na saa iwe ileile, wagonjwa wangu wengi Waislamu, Ramadhani napima asubuhi mapema, ukimpima alasiri na funga utaandika uchovu siyo nguvu.

Nyonga inapimika kwa mizani hiyohiyo, mkanda juu ya paja karibu na goti, mizani chini yake imefungwa kwenye ubao uliokandamizwa na miguu ya kiti kizito, anainua goti. Pale akiweza tu kuinua mguu bila kuvuta mizani itasoma sifuri, usimwambie hana nguvu, huyo ni gredi 3. Kifundo cha mguu, kuvuta unyayo kuja juu, namlaza kitandani mkanda kwenye unyayo mizani kwenye kingo ya miguuni, namba zake ni ndogo sana, kilo moja mbili, lakini hizo ndo zinazoamua kama ataburuza vidole akitembea au la. Shavu la mguu mizani yangu hailiwezi, pale naangalia kama akisimama anashika ukuta anaweza kuinua kisigino, na mara ngapi.

Kwa wale ambao bado hawajafika kwenye mizani kuna alama za Motrisiti, naona hazitumiki sana huku. Unapima vitu vitatu, nyonga kukunja, goti kunyoosha, kifundo kuvuta juu, kila kimoja 0, 9, 14, 19, 25 au 33, unajumlisha na kuongeza 1 ili mguu mzima uwe 100. Mgonjwa anayetoka 28 kwenda 43 anaona safari yake, hata kama bado hajasimama.

Yule mzee kilo zilipanda, 7 ikawa 9, ikawa 12, kwenye skeli ya mkono angebaki 4 muda wote huo. Lakini kutembea kwake kulikuwa kulekule, anachechemea, na hii ilinisumbua kichwa. Nikaazima mizani mbili za kusimamia, zile za kupimia uzito wa mwili, nikaweka moja chini ya kila mguu akasimama. Ana kilo 58. Mguu mzima ulibeba 43, uliopooza 15. Yaani nguvu ipo ila haitumii, mwili ulishazoea kuukwepa ule mguu toka siku za mwanzo ubongo ulipokuwa haupeleki taarifa. Tukabadilisha mazoezi, badala ya kuongeza kukaza msuli kila siku akawa anasimama na kukaa, mguu mzima umesogezwa mbele kidogo ili uliopooza ulazimike kubeba, binti anasoma mizani, "Baba, ishirini. Baba, ishirini na mbili." Hapo ndo kutembea kulianza kubadilika, na kuchuchumaa pia, ambako kwake ndo kulikuwa kazi yenyewe, maana korosho zinaokotwa chini.

Kwa ndugu unayeuguza na fizio yuko mbali, usianze na mizani na mikanda. Tafuta kiti kimoja imara ambacho hakibadilishwi, kiegemeze ukutani, mgonjwa anayeweza kusimama mwenyewe asimame na kukaa mara tano mfululizo bila kujisukuma kwa mikono, wewe simama upande uliopooza, pima kwa saa ya simu kuanzia unaposema haya mpaka anapokaa mara ya mwisho, andika tarehe na sekunde kwenye daftari. Rudia baada ya wiki mbili, saa ileile, kiti kilekile. Sekunde zikipungua mguu unafanya kazi. Zikikaa palepale muda mrefu mpeleke aangaliwe upya, huenda mazoezi yamekuwa mepesi kwake. Ila mguu uliokuwa unapanda ukilegea ghafla, au ukaona mdomo umepinda, maneno yanakwama, mkono unaanguka, achana na daftari, angalia saa ngapi imeanza na mkimbize hospitali muda huohuo, usisubiri kesho.