Vumbi la magotini

Binti aliingia kipindi cha pili akiwa na vumbi jekundu magotini. Darasa la saba, Ujiji, 2014. Alipita katikati ya madawati bila kumtazama mtu, akakaa, akafungua daftari la Uraia. Asubuhi ile mstarini, wenzake walipoimba Wimbo wa Taifa, yeye alisimama wima, mikono ubavuni, mdomo kaufumba. Mwalimu wa zamu akampigisha magoti chini ya mlingoti wa bendera. Kwao ni Mashahidi wa Yehova, na imani yao haiwaruhusu kuuimba. Shule nzima ilijua. Nami nilikuwepo, hatua chache tu kutoka pale, na sikusema neno.

Ubaoni nilikuwa nimeshaandika: Ibara ya 18, uhuru wa maoni. Ibara ya 19, uhuru wa kuamini dini. Ibada ni hiari ya mtu. Nilijiandaa kueleza jinsi haki hizi zilivyoingia katika Katiba ya 1977 kwa marekebisho ya 1984. Sikufika huko. Mvulana wa dawati la mbele alinyoosha kidole.

"Mwalimu, kunyamaza nako ni maoni?"

Darasa zima likageuka kumtazama binti. Nikaweka chaki mezani.

"Wewe unaonaje?"

"Naona ni maoni. Ila wimbo ni wa nchi."

Msichana wa mtandio mweupe akadakia. "Lakini ule wimbo ni dua, mwalimu. Tunaanza na Mungu ibariki Afrika. Na dua halazimishwi mtu."

"Mbona sisi Waislamu na Wakristo tunauimba pamoja na hatudhuriki?" akauliza mwingine kutoka nyuma.

Hiyo nayo ilikuwa hoja ya haki, na walibishana vizuri, kila mmoja akingoja mwenzake amalize. Chuoni sikuwahi kuisikia ibara ile ikichambuliwa namna hiyo. Mwishowe binti akasimama mwenyewe.

"Mimi nasimama kwa heshima. Kuimba tu ndiyo siwezi."

Niliwaambia kilichokuwa kikinichoma tangu asubuhi: kwamba Mahakama ya Rufani, Julai 2013, iliwapa haki wanafunzi wa Mbeya waliofukuzwa na kusimamishwa shule kwa kutoimba wimbo huohuo. Nililisoma gazetini, nikalijua, na bado nilimwacha mtoto apige magoti kwenye changarawe.

Kengele ilipolia nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na kijitabu changu cha Katiba. Aliisoma ibara ya 19 akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari kwa mstari, kisha akairudia. "Niachie hiki," alisema, akamwita mwalimu wa zamu.

Kesho yake niliwahi mstarini, nikasimama nyuma ya darasa langu. Wimbo ulipoanza, binti alisimama wima, kimya. Kando yake yule mvulana wa dawati la mbele aliimba kwa sauti yake yote. Mwalimu wa zamu alipita mbele yao, akaendelea hadi mwisho wa mstari.