Mhariri hakuja kuhesabu koma

Kazi yangu ni kuhariri miongozo ya programu za kompyuta. Nikilisema hilo, wengi hudhani nakaa kutwa nikisaka koma zilizopotea. Koma zipo, na sizidharau, lakini mshahara wangu hautoki huko.

Chukua sentensi hii, niliyoikuta kwenye rasimu ya mwongozo wa kuhamisha hifadhidata kwenda toleo jipya: "Nakala ya data huhifadhiwa kabla ya amri ya kuhamisha kutekelezwa." Sarufi yake haina doa. Sasa niambie, nani anayehifadhi? Programu yenyewe, au mimi niliyeketi mbele ya skrini usiku wa manane? Nilimuuliza msanidi aliyeiandika, akashangaa: "Si mtumiaji? Nani mwingine?" Kwake jambo lilikuwa wazi kama mchana, kwa kuwa amri ile aliitunga mwenyewe. Kauli ya kutendwa inajua kumficha mtendaji, na mwenye kujua mambo hata haoni kwamba kuna mtu amefichwa.

Tukaandika hivi: "Hifadhi nakala ya data yako kwanza. Amri hii haikuhifadhii, na ikishaanza hairudi nyuma." Kisha tukaipandisha juu ya amri, maana ilikuwa imekaa chini yake, aya mbili mbele. Hakuna asomaye mwongozo kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtu anaitafuta amri, anainakili, anaibandika, anabonyeza. Onyo linalokuja baada ya hapo ni salamu za rambirambi.

Sisemi kwamba wasanidi hawajui kuandika. Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa kompyuta uitwao Unix, wa Novemba 1971, uliandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, watu walewale walioujenga mfumo. Kurasa zake ni fupi, kavu, na zina sehemu ninayoipenda kuliko zote: mahali pa kutaja kasoro za programu waziwazi, bila haya. Ningefurahi kuiona sehemu hiyo kwenye kila bidhaa ya leo. Ila wasomaji wao walikuwa wenzao wa Bell Labs, maabara ya utafiti walikofanya kazi. Ukikwama, mwenye jibu yuko ofisi ya jirani. Msomaji wangu mimi hana wa kumuuliza.

Mfano ninaowapa wageni wa kazi hii ni mzito. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi. Kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa 6 mionzi iliyopita kiasi, huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, skrini ilimwonyesha mwendeshaji maneno "Malfunction 54", yaani hitilafu namba 54. Mwongozo aliopewa haukueleza 54 ni nini. Mashine nayo ilikuwa na mazoea ya kutoa jumbe kama hizo mara kwa mara, na iliruhusu kuendelea kwa kubonyeza herufi P. Akabonyeza.

Chanzo kilikuwa kwenye programu yenyewe, na vizuizi vya kimitambo vya mashine za awali vilikuwa vimeondolewa. Siwezi kudai kwamba mhariri angewaokoa wale wagonjwa. Ninachojua ni kwamba mhariri yeyote anayestahili jina hilo angeuliza: "54 maana yake nini, na mtu akiiona afanye nini?" Na kama hakuna ndani ya jengo anayeweza kujibu kwa sentensi moja, basi hiyo si shida ya lugha tena.

Hapo ndipo ninapogombana na ratiba za watu. Mwandishi huitwa wiki ya mwisho, kila kitu kikiwa kimeshafungwa, aje "apige msasa". Katika utafiti wa mwaka 2017 wa GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi misimbo ya programu, kuhusu miradi ya programu huria, asilimia 93 ya waliohojiwa walisema wamekutana na nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati, na asilimia 60 ya wachangiaji walisema huzigusa kwa nadra au hawazigusi kabisa. Kilio ni cha wote, mbebaji hayupo.

Mimi huomba kuwepo tangu jumbe za hitilafu zinapoandikwa. Maelezo ya kitufe kimoja yakihitaji aya tatu, kitufe ndicho chenye matatizo. Sasa hivi nina kimoja mezani: kimeandikwa "Endelea", na ukikibonyeza kinafuta mipangilio yote ya mtumiaji. Timu imeniomba aya fupi ya kukieleza. Nimewajibu kwamba aya sitaandika, na nimewapendekezea maandishi mapya ya kitufe: "Futa mipangilio yote". Wanasema ni marefu, hayaenei. Tunakutana Alhamisi.