Mipango Mitatu Isiyo na Majina

Katika masomo yote ya cheti cha uzamili cha usimamizi wa kimkakati wa rasilimali watu, kipindi kilichonikaa kichwani ni kile ambacho mwalimu hakufundisha chochote kwa karibu saa nzima. Tulikuwa watu wazima wenye kazi zetu: maofisa utumishi, wahasibu wawili, na muuguzi mkuu aliyekabidhiwa idara ya watumishi bila kuulizwa kama anaitaka. Tuliingia darasani jioni na uchovu wa mchana, na wengi wetu, tuseme kweli, tulikuwa tunafuata karatasi ili jalada la kupandishwa cheo lisikwame.

Mwalimu wetu tulimwita Dokta. Kabla ya chuo alikuwa amefanya kazi miaka mingi upande wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo maneno matamu ya waajiri hayakumbabaisha.

Wiki iliyotangulia alitugawa makundi matatu, kila moja na kampuni yake ya kubuni: kiwanda cha nguo kinachoshindana kwa bei ya chini, karakana ya matengenezo ya ndege inayouza ubora, na kampuni ya programu za kompyuta inayotegemea ubunifu. Mgawanyo huo ulitoka kwa watafiti Randall Schuler na Susan Jackson, walioandika mwaka 1987 kwamba kila njia ya ushindani inadai mienendo tofauti ya wafanyakazi, na kwa hiyo sera tofauti za ajira, mafunzo na malipo. Makala hiyo tulikuwa tumeisoma. Wengine walikuwa wameipigia mistari ya rangi.

Siku hiyo Dokta alitugawia karatasi tatu. Ilikuwa mipango yetu wenyewe, ila alikuwa ameichapa upya na kufuta majina ya kampuni na bidhaa zake. "Haya," akasema, "niambieni upi ni wa kiwanda, upi wa karakana, upi wa programu." Kisha akaketi.

Tulisoma, tukasoma tena. Karatasi ya kwanza ilisema kampuni itavutia na kubakiza vipaji, itatoa mafunzo endelevu, itapima utendaji kila robo mwaka na kutoa motisha kwa wanaofanya vizuri. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu iliongeza "utamaduni wa ushirikiano". Tulipopiga kura, majibu yalitawanyika kama yamepigwa ramli. Mhasibu mmoja aliapa kwamba karatasi ya pili ni ya kundi lake, mpaka mwenzake wa kundi hilo hilo akamwonyesha ya kwanza.

Sababu ilikuwa wazi ubaoni, maana mchoro wa wiki iliyopita haujafutwa: mzunguko wa usimamizi wa watumishi wa Fombrun, Tichy na Devanna wa mwaka 1984, unaojulikana kama modeli ya Michigan. Uteuzi, tathmini, tuzo, maendeleo. Waandishi wake waliuning'iniza mzunguko huo kwenye mkakati wa kampuni. Sisi tulijaza visanduku vinne na kuuacha mkakati ukining'inia peke yake. Nilikuwa na miaka kadhaa kwenye kazi ya utumishi na sikushangaa hata kidogo. Mipango ya namna hiyo ndiyo inayopitishwa na bodi bila swali.

Lakini muuguzi mkuu hakukubali tuzomewe. Alisimama na makala ya mtafiti Mark Huselid mkononi, utafiti wa mwaka 1995 uliohusu karibu kampuni 1,000 za Marekani. "Dokta, huyu ameonyesha kwamba kampuni zenye mbinu nzuri nyingi zaidi zina watu wachache wanaoacha kazi, mauzo makubwa zaidi kwa kila mfanyakazi, na faida. Na alipopima kama mbinu zinahitaji kuendana na mkakati, ushahidi aliupata kidogo tu. Sasa kosa letu liko wapi? Mbinu nzuri ni nzuri popote."

Dokta alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Akakubali kwamba utafiti unasema hivyo kweli. Kisha akauliza nani aliyejaza yale madodoso. Kwa kila kampuni, ofisa mmoja. Waliorejesha walikuwa asilimia 28. "Na kampuni inayopata faida," akaongeza, "si ndiyo yenye fedha za kulipia mafunzo? Kipi kimezaa kingine?" Mabishano yakawaka, na sidhani kama yamekwisha hata leo kwa wanaofanya taaluma hii. Mimi niliegemea kwa waandishi Boxall na Purcell: kuna misingi inayofaa kila mahali, ila sera zinazosimama juu yake lazima zifuate mazingira ya kampuni. Nadharia hiyo inakosolewa kuwa inamridhisha kila mtu. Ni kweli, na bado ndiyo inayonisaidia kazini.

Tukapewa muda wa kuandika upya, kwa sharti moja: kila kundi litaje jambo ambalo kampuni yake haitafanya. Hapo kalamu zikawa nzito. Kundi letu la karakana lilifuta bonasi ya kumaliza kazi haraka, likaandika kwamba fundi anayeripoti kosa lake mwenyewe hataadhibiwa kwa kuripoti. Kundi la programu liliacha kupima watu kwa saa za kukaa ofisini. Kundi la kiwanda likaandika bila kupepesa macho kwamba halitajaribu kuwazuia washonaji wanaoondoka: kazi itagawanywa vipande vidogo, mgeni aimudu kwa muda mfupi.

"Hao ni watu, si sindano!" muuguzi mkuu akalipuka, akarusha mezani mchoro wa Harvard wa usimamizi wa watumishi, nao wa mwaka 1984, ambao unaweka masilahi ya wafanyakazi na vyama vyao mwanzoni kabisa. Msemaji wa kiwanda, kijana mpole, akamjibu, "Mama, nakubali. Lakini bei hiyo ya nguo mmetupa ninyi."

Kiwanda kilipata alama za juu kuliko sisi. Nililalamika palepale. Dokta akanionyesha mstari tuliofuta bonasi, akauliza mafundi watalipwa kwa kigezo gani badala yake. Hatukuwa tumeandika.