Nilifuata pilipili Terlingua, nikakuta bizari

Wale mliouliza wikendi ile nilipotelea wapi, nilikuwa Terlingua, huko Texas karibu kabisa na mpaka wa Mexico, jangwani haswa, kamji ambako zamani walikuwa wanachimba zebaki alafu migodi ikafa watu wakahama, ila kila mwaka mwanzoni mwa Novemba kanafurika watu wanaokuja kushindana kupika chili. Toka Dallas ni masaa tisa na ushee, na ile ya mwisho ni barabara na miba tu, mtandao hamna.

Sasa chili yenyewe msidhani ni pilipili. Ni nyama ya ng'ombe ya vipande vidogo vidogo, inachemka taratibu na pilipili kavu ya unga na bizari nyembamba. Bizari jamani! Nashuka tu kwenye gari upepo unaniletea harufu, nikamwambia wife mbona huku kuna pilau ya Idi, akacheka mpaka akajishikilia mlango.

Na maharage marufuku. Nilimuuliza mzee mmoja aliyevaa kofia ya pembe za ng'ombe kwa nini asitupie maharage kidogo sufuria ijae, akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Maharage, wali, makaroni, chochote cha kujazilizia hakiruhusiwi, na unapikia pale pale mwanzo mwisho.

Ilianza 1967, Wick Fowler wa Texas na H. Allen Smith, mwandishi wa New York, wakibishana nani mkali wa chili, na mwisho wa siku ikawa sare. Baadaye waandaaji nao wakagombana, yaani kama kwaya zetu zinavyogawanyikaga, ndo maana leo kuna mashindano mawili kamji hako hako, wikendi hiyo hiyo.

Basi wakawa wanatafuta watu wa kuonja raundi za mwanzo, nani mimi nikatae. Unapewa vikombe vyeupe vina namba tu, jina la mpishi hulioni, unanusa kwanza, unaangalia rangi na uzito, ndo unaonja, kijiko ukishakilamba unatupa unachukua kingine. Katikati unakula biskuti za chumvi kusafisha ulimi. Kufika kikombe cha saba nilikuwa naandika maksi kwa imani tu. Jirani yangu macho yamemwiva anafuta machozi na mimi hata jasho halijanitoka, mtu umekulia pilipili mbuzi utaniambia nini.

Usiku baridi ikashuka, hakuna aliyeniambia jangwa lina baridi vile, nikajifunga kanga ya wife kichwani bila aibu. Tumekaa kwenye moto mara yule mzee wa pembe anakuja na bakuli, anasema kuleni, haya ni ya kwetu sio ya majaji. Nachovya kijiko, kinaibuka na maharage.